Kisumu hadi Naivasha na Boxer 150, watu wawili: nisaidieni kupanga safari ya Safari Rally

Mwalimu wa Nyalenda

Wadau, salamu kutoka Kisumu. Mdogo wangu alimaliza kidato cha nne mwaka jana. Kabla ya mtihani nilimwahidi kwamba akifanya vizuri nitampeleka Naivasha akaione Safari Rally, yale mashindano ya mbio za magari, kwa macho yake. Matokeo yalitoka Januari, kijana amefanya vizuri kuliko nilivyotarajia, na sasa deni ni langu. Tangu akiwa darasa la tano amebandika picha za magari ya mbio ukutani juu ya kitanda chake, na anataka kusomea umekanika.

Nina pikipiki, Boxer 150 ya miaka minne. Naipanda kwenda kazini kila siku, lakini haijawahi kuvuka Ahero. Mpango wangu ni huu: Ijumaa nikitoka darasani saa tisa tuondoke, tupitie Kericho, Mau Summit na Nakuru, tuingie Naivasha kama saa nne usiku. Jumamosi na Jumapili tutazame mbio, Jumapili jioni tugeuze. Kwa hesabu yangu ni kama kilomita 265 kwenda.

Naomba kujua: injini itahimili watu wawili kupanda milima ya Mau? Nibebe nini? Kuna njia bora kuliko ya Kericho? Najua matatu zipo, tafadhali msinielekeze huko. Sehemu ya ahadi ilikuwa aende akiwa nyuma yangu kwenye pikipiki.

Rafiki wa Lami

Hongera kwa kijana. Mimi niliifanya kwa siku moja mwaka wa 2023, kutoka Kondele hapo Kisumu hadi Naivasha, kwa muda wa saa sita tu pamoja na kusimama kunywa chai. Boxer itafika bila shida. Jaza tangi, twende. Tangi linachukua lita 11, na hata ukihesabu kilomita 40 kwa lita kwa sababu ya mzigo, mafuta ya kufika yatatosha.

Binti wa Kericho

Rafiki, 2023 mbio zilikuwa Juni. Tangu 2024 zimehamia Machi, na Machi ndipo masika yanapoanza. Tena wewe uliondoka saa ngapi? Mwalimu anataka kuondoka saa tisa mchana. Hapo ndipo roho yangu imeshtuka.

Mwalimu, nimezaliwa kwenye majani chai, hebu nikueleze hali ya huku kwetu. Asubuhi jua linawaka mpaka unajuta kuvaa sweta. Ikifika saa saba, saa nane, upepo wa kutoka ziwani kwenu unapanda na kukutana na milima yetu, mawingu yanajaa, na mvua inashuka. Mara nyingi si mvua peke yake, ni mvua ya mawe. Kericho na Nandi Hills zinajulikana duniani kwa wingi wa siku za mvua ya mawe. Jiwe moja likikupiga kwenye vidole ukiwa mwendo wa 60, utaachia klachi bila kupenda. Ukitoka Kisumu saa tisa, utafika kwetu saa kumi na moja, barabara ikiwa imelowa na giza linakaribia. Naomba usifanye hivyo.

Pita Kericho kabla ya saa nne asubuhi. Ikikukuta mvua ya mawe, usijikinge chini ya mti. Simama kwenye vibanda vya Kapsoit au kituo chochote cha mafuta, unywe chai, usubiri. Huwa haichukui muda mrefu.

Dereva wa Trela

Mwalimu, mimi napeleka makontena Malaba mwaka wa kumi na moja huu. Sitakwambia usiende. Nitakwambia kile ninachokiona nikiwa juu ya kiti changu, kwa sababu watu wengi wa pikipiki hawajawahi kuketi pale.

Ukitoka Mau Summit kuelekea Nakuru, unaanza kushuka. Unapita Sachang'wan, Migaa, halafu Salgaa. Ni mteremko mrefu ambao machoni hauonekani mkali, na hiyo ndiyo hatari yake. Dereva wa lori akianza kushuka na gia kubwa, au akiweka nyutro ili aokoe dizeli, breki zinapata moto kidogo kidogo. Akija kuzihitaji, hazipo. Tarehe 31 Desemba 2017 watu 36 walikufa pale Migaa. Baadaye waliweka ukuta wa zege katikati ya barabara. Ukuta umesaidia magari yasigongane uso kwa uso, lakini kwako wewe una maana nyingine: ukiwa kati ya ukuta na trela, huna pa kukimbilia. Kwa hiyo kamwe usinipite ukibana upande wa ukuta, hata kama nafasi inaonekana.

Kuna jambo moja nataka mdogo wako alishike maana yeye atakuwa nyuma na pua yake haina kazi nyingine. Mkisikia harufu kama ya mpira ukiungua, kali, inachoma koo, kuna lori mbele yenu ambalo breki zake zimepata moto. Msilifuate karibu, na msijaribu kulipita. Tokeni kabisa nje ya lami, mahali penye nafasi, mkae dakika kumi. Na mkitoka, msisimame mahali watu wamekusanyika wakiuza mahindi na viazi kando ya barabara. Pale makutano ya Londiani, Juni 2023, lori lilitoka barabarani likaingia kwa watu waliosimama tu. Zaidi ya hamsini walifariki. Mimi nilipita asubuhi yake.

Usiku sikuoni. Namaanisha hivyo hasa. Taa moja ya pikipiki kwenye kioo changu, katikati ya taa za magari mengine, haionekani. Ukiwa karibu na tairi zangu za nyuma, hauko kwenye kioo kabisa. Kama wewe huoni uso wangu kwenye kioo changu cha pembeni, ujue nami sikuoni.

Lingine: ujenzi wa kupanua barabara kutoka Rironi hadi Mau Summit ulizinduliwa Novemba 2025. Tegemea vumbi, michepuko, na mahali ambapo lami inaisha ghafla. Mchana utayaona hayo. Usiku utayagundua ukiwa tayari ndani yake.

Rafiki wa Lami

Dereva umesema kweli. Niliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikiwa peke yangu. Sikulitaja hilo na nilipaswa kulitaja. Mwalimu, wasikilize hawa.

Fundi wa Langalanga

Nijibu la injini. Kisumu iko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari, na kule Mau unavuka mita 2,500. Kila ukipanda mita elfu moja injini hupoteza kama asilimia kumi ya nguvu, kwa sababu hewa ni nyepesi. Boxer yenu ikifika kule juu na watu wawili, itakuwa nzito, na ya kabureta itaonekana kama inabanwa koo. Si ugonjwa. Shuka gia moja, iache izunguke, usiikamue ukiwa gia ya juu. Usiruhusu fundi yeyote wa njiani aguse kabureta, maana mkirudi Kisumu itakuwa imeharibika marekebisho yake.

Injini hainipi wasiwasi. Kinachonipa wasiwasi ni cheni na breki. Pikipiki ya mjini inayobeba mtu mmoja hujificha ugonjwa mpaka siku ya mzigo. Angalia meno ya spoketi: yakiwa yamechongoka kama meno ya papa, badilisha spoketi zote mbili pamoja na cheni, usibadilishe kimoja. Cheni iwe na mchezo wa upana wa vidole viwili, na uipime mdogo wako akiwa ameketi, kwa sababu uzito wake unaikaza. Kama breki zako ni za dramu, fungua uone viatu vya breki vimebaki kiasi gani. Mteremkoni tumia gia ikuzuie, breki iguse na kuachia. Ukiikanyaga mfululizo itapata moto kama ya lile trela.

Oili mpya ya 20W-50 siku chache kabla ya safari. Beba tyubu moja ya nyuma, kebo ya klachi, plagi, spana zako, na pampu ndogo. Mzigo ufunge kwa kamba za mpira wa tyubu kama watu wa boda wanavyofanya, hazilegei.

Na laleni Nakuru. Wakati wa rally vyumba vya Naivasha hupanda bei vibaya, na vingi hukodishwa mapema. Kutoka hapa Nakuru hadi Elmenteita, mbio zinakopita, ni mwendo mfupi wa asubuhi.

Mzee wa Molo

Mwanangu, mimi naandika la baridi tu. Ukungu wa Mau Summit asubuhi unaingia mpaka kwenye mifupa. Vaa gazeti kifuani chini ya jaketi, kurasa nyingi, wewe na kijana. Hakuna koti linaloshinda hilo kwa kuzuia upepo. Kioo cha helmeti kipakwe sabuni kidogo ya vyombo kwa ndani, kisha ukifute kwa kitambaa kikavu, hakitashika mvuke.

Nimefurahi kusoma habari ya kijana huyu. Nilimwona Joginder Singh akipita na matope mpaka kwenye paa la gari, nami nikiwa mdogo kuliko yeye. Alishinda mara tatu, 1965, 1974 na 1976. Mbio zilipoondolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002 niliamini sitaziona tena. Ziliporudi 2021 nililia. Mpeleke.

Mwalimu wa Nyalenda

Nimesoma kila neno, nimemsomea mdogo wangu pia. Sitaondoka saa tisa. Nimekwenda kwa mwalimu mkuu nikamweleza ukweli, na mwenzangu amekubali kunishikia vipindi vya Ijumaa, nami nitamlipa wiki inayofuata.

Sasa swali jingine. Nikifika Nakuru Ijumaa mchana, Jumamosi nitazame wapi? Na vipi kuhusu kupitia Miwani na Muhoroni badala ya Ahero?

Mkaazi wa Gilgil

Muhoroni acha. Trekta za miwa, nyingine hazina taa wala riflekta, na mabua yaliyoanguka yanateleza yakilowa. Ahero ina msongamano lakini unaona kila kitu.

Jumamosi miaka iliyopita imekuwa siku ya upande wetu: Soysambu, Elmenteita na Sleeping Warrior, kile kilima kinachofanana na mtu aliyelala chali. Thibitisha ratiba ya mwaka huu ikitolewa. Ingia mapema sana, kwa sababu njia za mbio hufungwa saa kadhaa kabla ya gari la kwanza. Pikipiki utaiacha mbali na kutembea, kwa hiyo beba kufuli, maji na chakula. Simameni mahali pa juu panaporuhusiwa, na kamwe si upande wa nje wa kona. Gari likikosa kona, huko ndiko linakokwenda.

Vumbi letu ni laini kama unga wa ngano. Likikauka linafunika mashimo, na tairi ya mbele ya pikipiki huzama na kujikata. Vijana wengi wakiona magari yamepita huingia na pikipiki kwenye njia ya mbio. Usiingie. Funga leso puani, na ukirudi Nakuru safisha filta ya hewa usiku huohuo.

Binti wa Kericho

Na Jumapili jioni je? Mwalimu bado hujalifuta hilo. Mbio za Jumapili za Hell's Gate kule Naivasha zinaisha mchana, ukigeuza hapo utanikuta tena usiku na mvua.

Mwalimu wa Nyalenda

Umenishika, dada. Nimeongea na mdogo wangu. Tutaiacha Jumapili. Alinyamaza kidogo, kwa sababu Hell's Gate ndiyo anayoijua kutoka kwenye video, lakini alisema siku moja nzima ya Sleeping Warrior inamtosha. Jumapili hiyo tutatoka Nakuru saa moja asubuhi kurudi nyumbani.

Dereva wa Trela

Kabla ya siku yenyewe, pandeni Kericho mrudi. Wawili, na mzigo wote.

Mwalimu wa Nyalenda

Tumerudi sasa hivi. Tulitoka kukipambazuka, tumefika Kericho saa mbili na nusu. Kupanda kutoka Awasi ilikuwa nzito, nikashuka gia kama fundi alivyosema, ikapanda taratibu bila kulalamika. Mdogo wangu mara ya kwanza alikuwa akiinama kinyume na mimi kwenye kona. Tukasimama, nikamwambia aangalie bega langu la upande tunaokata, na kutoka hapo tukawa kitu kimoja.

Tulichelewa kurudi makusudi, ili tuone. Saa nane kasoro, karibu na Kapsoit, mawe yakaanza kupiga helmeti. Tukakaa kibandani nusu saa, chai mbili na mandazi. Mama mwenye kibanda alipomsikia kijana akisema anakwenda Naivasha, alimwongezea andazi moja bila kulipisha.

Fundi, cheni imelegea sana baada ya kilomita 160 tu, na meno ya spoketi ya nyuma ni yale uliyoyaeleza. Kesho naagiza seti nzima. Helmeti ya kijana ilikuwa ya kuazima na inacheza kichwani, hiyo nayo nanunua mpya kabla ya kitu kingine chochote.

Fundi wa Langalanga

Ukifunga cheni mpya, ipande siku tatu mjini, kisha uikaze tena ndipo uondoke. Cheni mpya hunyooka mwanzoni. Ijumaa ukifika Nakuru, uliza mafundi wa Langalanga, nitaikagua bila malipo na kijana ashike spana.