Mama alipanda michungwa hii kwa mikono yake: je, haki yake ni thumni tu?

Mwana wa Mkanyageni

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Ninaishi Ngamiani, Tanga, lakini jambo langu liko Muheza, katika shamba la michungwa la ekari 6 lililoachwa na marehemu baba yetu. Baba alimwoa mama kwa ndoa ya Kiislamu mwaka 1988, na wakati huo mahali pale palikuwa pori, walilifyeka pamoja. Baba alikuwa kibarua wa bandarini na alirudi nyumbani mwisho wa juma, kwa hiyo mama ndiye aliyeotesha miche, akaimwagilia kwa ndoo wakati wa kiangazi, akasimamia wachumaji na kupatana bei na wachuuzi wa malori. Hata hivyo, kila karatasi iliyopo ina jina la baba peke yake.

Sasa tumemaliza arobaini na mama yumo ndani ya eda. Ami zangu waliitisha kikao cha ukoo, wakanipendekeza niwe msimamizi wa mirathi, kisha wakaeleza kuwa shamba ni la ukoo na mwanamke halirithi: mama atatunzwa na wanawe, na dada zangu wawili wameolewa, watakula kwa waume zao. Nilipouliza juu ya thumni ya mjane, yaani fungu moja katika manane analopewa mke na sheria ya Kiislamu mumewe akiacha watoto, ami mmoja alijibu kwamba basi apewe hiyo thumni, lakini asiseme kuwa shamba ni lake pia, kwa sababu dini imekwisha kumpimia. Muhtasari wa kikao ninao hapa, na mimi sijautia sahihi. Wazee hawa wamenilea na sipendi kugombana nao, ila siwezi kumdhulumu mama kwa kalamu yangu mwenyewe. Naomba mnisaidie kufahamu: mama ana haki gani katika shamba lile, mbali na mirathi?

Karani Mstaafu

Wa alaykum salaam, mwanangu. Nilikuwa karani wa Mahakama ya Mwanzo kwa miaka 23, na neno langu la kwanza ni kwamba usiutie sahihi muhtasari huo.

Ami zako wameshika kamba mbili kwa wakati mmoja. Kauli kwamba mjane hana fungu na atatunzwa na watoto wake imetoka katika Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, na kauli ya thumni imetoka katika sheria ya Kiislamu. Mahakama haimruhusu mtu kuchota huku na huku. Hutazama marehemu aliishi vipi na alikusudia nini, na mtu aliyeoa, aliyeishi na kuzikwa Kiislamu, mirathi yake hugawanywa Kiislamu. Nimewaona wazee wengi wakiitaja dini pale inapompunguzia mwanamke, na mila pale dini inapompa, na jambo hilo limeniuma miaka yote ya kazi yangu.

Hata hizo mila zenyewe zimekwisha kupingwa. Mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mila ya Wahaya iliyomkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi inapingana na Katiba, ambayo ibara yake ya 13 inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Wajane wawili wa Shinyanga walioupinga ule utaratibu wa 1963 hawakubahatika hivyo: mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba una ubaguzi lakini haikuufuta, wakaenda hadi Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati inayosimamia mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake iliona kwamba nchi yetu imezivunja haki zao.

Sasa swali lako hasa. Soma kifungu cha 161 cha Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya 1999. Kinasema kwamba ardhi ikiwa kwa jina la mwanandoa mmoja, na mwenzake akachangia kwa kazi yake katika kuizalisha, kuitunza na kuiendeleza, basi huyo mwenzake anahesabiwa kuwa na maslahi yake katika ardhi ile. Kwa kuwa shamba lenu liko kijijini, mwanasheria atakiunga kifungu hicho na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka huo huo, ambayo nayo inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na inaibatilisha mila yoyote inayomnyima. Hoja hiyo itolewe mapema, kabla hujaorodhesha mali zote kuwa za marehemu, maana ukishaziorodhesha hivyo, kuzitoa ni kazi nzito.

Bint Pangani

Kaka, mimi ni binti wa mjane, na naandika kwa uchungu. Kikao chetu kilifanyika barazani, wanawake tukiwa uani, na muhtasari ukapitishwa dirishani ili mama atie dole gumba. Hakusomewa. Alikuwa ameitunza minazi ile tangu ikiwa miche, lakini hakuna aliyekuwa ameandika lolote juu ya kazi yake, na minazi ikaenda.

Kinachonisumbua ni hiki. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Uamuzi ule ulihusu talaka, kwa mujibu wa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Maana yake, mama yako angeachwa na baba akiwa hai, angekuwa na mlango ulio wazi wa kudai jasho lake. Amekaa na mumewe hadi mauti, naye anaambiwa achukue thumni anyamaze. Sioni usawa hapo.

Tafuta mashahidi sasa, wangali hai: wachumaji, wachuuzi, majirani wa mpakani. Dada zako nao wakae barazani kikao kinapofanyika.

Ustadh wa Chuoni

Nathibitisha maneno ya Karani kwa upande wa fikihi, yaani elimu ya sheria za dini. Kinachorithiwa ni mali ya marehemu tu. Kwanza hutengwa kisichokuwa chake, kisha hulipwa gharama za maziko na madeni, pamoja na mahari iliyobaki ikiwa ipo, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wagawiwe. Kazi ya mke shambani haikuanza kujadiliwa jana: katika karne ya 16, mwanachuoni Ibn Ardun wa Moroko alitoa fatwa kwamba mke aliyefanya kazi za shamba ana fungu lake la jasho, nje ya mirathi. Yeye alikuwa wa madhehebu ya Maliki, nasi huku pwani ni Shafii, lakini hata kwetu mali ya washirika wawili hairithiwi yote kwa kifo cha mmoja.

Tazama tofauti. Shamba lote likihesabiwa kuwa la baba, thumni ya mama ni robo tatu ya ekari. Nusu ikitambuliwa kuwa yake, atakuwa na ekari 3, na thumni ya zile 3 zilizobaki itakuwa juu yake. Halafu kuna jambo ambalo ami zako hawakulitaja: marehemu akiacha mtoto wa kiume, ndugu zake hawarithi kitu. Dada zako wanarithi, kila mmoja nusu ya fungu lako. Ukipenda kuwaongezea katika lako baada ya mgawanyo, ni hiba, yaani zawadi yako, na hakuna wa kukuzuia. Eda nayo haimfungi mama mdomo, na mchana anaweza kutoka kwa haja kama hii.

Mwana wa Mkanyageni

Nawashukuru sana. Jana nilikwenda Muheza nikamweleza mama. Alikaa kimya kitambo, kisha akaniambia nifungue sanduku lake, na ndani yake mlikuwa na madaftari 11 ya shule, yenye hesabu za mauzo ya machungwa tangu mwaka 1996, kwa mwandiko wake. Wachuuzi watatu waliotajwa humo bado wananunua kwetu, na wawili wamekubali kutoa ushahidi.

Muhtasari nimeurudisha kwa ami mkubwa bila sahihi, nikamweleza kwa heshima sababu zangu. Amekasirika. Kikao kipya ni Jumapili, na dada zangu wote wawili watakuwapo.

Karani, je, madaftari hayo niyapeleke yenyewe mahakamani, au nakala zinatosha?

Karani Mstaafu

Nenda nayo yenyewe pamoja na nakala, na yale yenyewe usiyaache mikononi mwa mtu bila kuandikishiana.