Cube (1997): nini kimeibeba filamu hii, na nini kimeipunguzia nguvu?

Mtunzi_Moro aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Kikundi chetu cha uigizaji kinaandika mswada wa filamu fupi ya kutisha yenye mambo ya kubuni ya kisayansi, na fedha tulizonazo zinatosha kujenga chumba kimoja tu. Kwa sababu hiyo nimeirudia mara nyingi filamu ya Cube, iliyoongozwa na Vincenzo Natali wa Kanada na kuoneshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto mwaka 1997. Bajeti yake haikufika dola 400,000 za Kanada. Watu wasiofahamiana wanazinduka ndani ya vyumba vyenye umbo la mchemraba, kila chumba kina milango sita, baadhi ya vyumba vina mitego ya kuua, na hakuna anayejua ni nani aliyewaweka humo.

Nusu ya kwanza hunishika kabisa, lakini kadiri hadithi inavyosonga mbele naona mkazo unalegea, na nashindwa kubaini kama tatizo ni uchache wa fedha au ni jambo jingine. Naomba wenye kuifahamu wanieleze. Ambao hawajaitazama wajue kwamba majibu yatafichua mwisho wake.

Fundi_Taa alijibu:

Ndugu Mtunzi, fedha sizo zilizoiangusha. Mahali ambapo fedha zilikosekana ndipo ambapo filamu hii ina nguvu zaidi, na nitaeleza kwa upande wa kazi ninayoifanya, yaani taa na seti.

Chumba kilichojengwa kilikuwa kimoja, chenye futi 14 kila upande, na kingine cha nusu kilichotumika pale mhusika anapochungulia kutoka chumba hiki kuelekea kile. Mlango ulioweza kubeba uzito wa mwigizaji ulikuwa mmoja tu. Kuta zilikuwa na paneli zilizopitisha mwanga, na walipobadilisha rangi ya paneli hizo, mtazamaji aliamini kwamba wahusika wamehamia chumba kingine: chekundu, cha buluu, cha kijani, cheupe. Kazi hiyo ilikula muda, kwa hiyo walipiga picha za rangi moja zote kwa pamoja, bila kufuata mpangilio wa hadithi. Fikiria mzigo aliokuwa nao mwigizaji aliyelazimika kujua kwamba katika onyesho hili amekwisha kuchoka na kufiwa na wenzake, ilhali katika onyesho la baadaye siku hiyohiyo ndiyo kwanza ameamka.

Jambo la kujifunza hapo ni kwamba ufinyu wa seti uligeuzwa kuwa kanuni ya hadithi. Vyumba vinafanana kwa sababu jengo lenyewe limekusudiwa kuwachanganya waliomo, kwa hiyo mtazamaji haoni umaskini wa watengenezaji, bali anaona ukatili wa jengo. Tazama pia jinsi walivyotumia fedha chache za madoido. Mtego wa kwanza, ule wa mtu anayekatwa na wavu wa waya, unaoneshwa waziwazi: mtu anasimama, anabaki kimya, mistari ya damu inajitokeza usoni, kisha mwili unaporomoka vipandevipande. Baada ya hapo hofu imekwisha kupandwa, na kwa muda mrefu inatosha kiatu kurushwa chumbani kupima mtego ili mtazamaji abane pumzi.

Bora kuliko vyote kwangu ni kile chumba ambacho mtego wake huamshwa na sauti. Wahusika wanapaswa kukipita mmoja baada ya mwingine bila kutoa hata mguno. Sehemu kubwa ya kinachooneshwa ni miguu, vidole na nyuso, na ukimya huo haukugharimu hata senti. Mswada wako ukiwa na onyesho moja la namna hiyo, utakuwa umefika mbali.

Mwalimu_wa_Hisabati alijibu:

Nakubaliana na Fundi kuhusu seti, na ninaongeza kwamba hisabati nayo ilijenga kile ambacho mbao hazikuweza kujenga. Wahusika wanapokadiria kwamba jengo lina vyumba 26 kwa kila upande, yaani vyumba 17,576 kwa jumla, sisi tunalihisi jengo zima ingawa macho yetu hayajaona zaidi ya chumba kimoja. Hilo ni jambo la kupongezwa sana.

Hata hivyo, hisabati hiyohiyo ndiyo iliyovunja imani yangu baadaye. Kila mlango una namba tatu zenye tarakimu tatu. Leaven, mwanafunzi hodari wa hesabu, anagundua kwanza kwamba namba tasa huashiria mtego. Kanuni hiyo inaposhindwa, anagundua kwamba mitego imo pia katika vipeo vya namba tasa, yaani namba tasa iliyozidishwa kwa yenyewe mara moja au zaidi. Hapo anatangaza kwamba hakuna binadamu awezaye kuzichanganua namba kama 567, 898 na 545 kichwani, na kuanzia hapo wote wanamtegemea Kazan, mwenzao mwenye usonji anayeweza kuzichanganua kichwani.

Wanafunzi wangu wangelipinga hilo. Zaidi ya namba tasa zenyewe, vipeo vya namba tasa vyenye tarakimu tatu ni 15 tu: 121, 125, 128, 169, 243, 256, 289, 343, 361, 512, 529, 625, 729, 841 na 961. Namba 898 ni shufwa, na shufwa zilizomo katika orodha hiyo ni 128, 256 na 512, kwa hiyo 898 ni salama. Namba 545 inaishia na 5, nayo si 125 wala 625. Tarakimu za 567 zikijumlishwa ni 18, hivyo inagawanyika kwa 3, lakini si 243 wala 729. Chumba kimepimwa kabla mtu hajamaliza kuvua kiatu. Mapema kidogo Leaven huyohuyo alitambua papo hapo kwamba 649 ni 11 mara 59, kazi iliyo ngumu zaidi.

Sisemi haya kwa kutafuta dosari ndogondogo. Filamu imetuomba tuiamini hesabu, na sisi tumeiamini. Mwandishi alipaswa kuilinda imani hiyo hadi mwisho, na kufanya hivyo kusingemgharimu chochote. Angeongeza tu idadi ya tarakimu, na ugumu ungekuwa wa kweli.

Dada_wa_Pwani alijibu:

Nashukuru Mwalimu kwa kumtaja Kazan, maana hapo ndipo ninapoumia. Ninafundisha watoto wenye usonji. Kazan anaingizwa kama mzigo, kisha anageuzwa kuwa kikokotoo, na hatumpati kama mtu mwenye woga wake, matakwa yake na uamuzi wake. Ni kweli kwamba yeye ndiye anayetoka salama, lakini kutoka salama hakuzibi pengo la mhusika ambaye hakuandikwa.

Quentin naye, aliyeigizwa na Maurice Dean Wint, anaanza kama askari mwenye busara anayewaongoza wenzake. Halafu kwa haraka mno anamwachia Holloway, daktari aliyemo katika kundi hilo, aanguke, na kuanzia hapo anakuwa muuaji anayewawinda. Dalili za hasira zilikuwepo katika magombano yake na Holloway, lakini hazikupewa muda wa kukua. Tena yeye ndiye mtu mweusi pekee katika kundi hilo, na mimi siwezi kulipuuza hilo. Mkazo unaolegea, ndugu Mtunzi, nadhani unatoka hapa: jengo lilikuwa adui wa kutosha, lakini mwandishi akatafuta adui wa kawaida mwenye misuli.

Mtunzi_Moro alijibu:

Nashukuru sana, Dada, nanyi Fundi na Mwalimu. Mmenisaidia kuona kwamba madhaifu yote mliyoyataja yamo katika maandishi, wala hayamo katika seti. Nabaki na swali moja: je, kutokueleza ni nani aliyelijenga jengo ni udhaifu, au ni nguvu?

Fundi_Taa alijibu:

Kwangu ni nguvu, na sababu yake ni maneno ya Worth, mmoja wa waliofungiwa humo. Yeye alichora ganda la nje la jengo bila kuuliza ni la nini, akalipwa, akaendelea na maisha yake. Anawaeleza wenzake kwamba huenda hakuna mkuu yeyote juu ya mpango huo, na kwamba kila mmoja alifanya kipande chake bila kujua kizima. Hayo ni maelezo kamili, tena yanatisha kuliko kumwona tajiri au jenerali fulani ameketi kwenye kiti. Wengi wanalalamika kwamba hatuoneshwi kilichoko nje, lakini jibu la Worth limekwisha kutuambia kwamba nje hakuna wa kuulizwa.

Kwa mswada wenu, ningeshauri mwandike kwanza mazungumzo ya namna hiyo, myasome kwa sauti mbele ya waigizaji wote, na kazi ya kununua mbao ije baadaye.