Kemisti kukudunga kidole akuambie uko na pailori na akuuzie dawa hapo hapo: ipigwe marufuku ama tuachiwe?

Wa Kayole (mwenye mada):
Wadau habari za jioni. Nimekuja na hii maneno kwa sababu imenikaa rohoni wiki mbili sasa na najua humu kuna manesi, kuna wenye kemisti, kuna watu wameumwa na tumbo mpaka wakazoea.

Jumamosi moja nilimsindikiza dadangu kemisti ya hapa mtaani, na si ya kujificha, iko na bango na jamaa wa koti jeupe. Tumbo ilikuwa inamchoma hapa kwa chembe cha moyo tangu Alhamisi. Jamaa akamdunga kidole, tone la damu kwa kile kikadi cha plastiki, matone mawili ya dawa yake juu, tukakaa kwa benchi tukikitolea macho. Dakika kumi hazijaisha, mistari miwili. "Uko na pailori," ile bakteria ya tumbo. Pakiti ikatoka kwa drowa, asubuhi na jioni wiki mbili, shilingi 2,500, namba ya kulipia ile pale ukutani. Hakuuliza kama amewahi kutibiwa. Na dadangu alitibiwa hiyo hiyo kitu mwaka jana, akameza dawa zote, mimi ndio nilikuwa namkumbusha.

Sasa kile kikadi cha damu, kwa wasiojua, hakitafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, yaani alama mwili uliacha ulipopigana nayo. Bakteria inaweza kuwa ilikufa zamani na alama ikabaki miezi, hata miaka. Ni kama uingie nyumba uone misumari kwa ukuta halafu useme mpangaji wa zamani bado anaishi hapo.

Halafu hesabu yenyewe. Kuna wataalamu walikusanya tafiti za dunia nzima wakatoa majibu 2017, wakasema hapa Afrika karibu watu 70 kwa kila 100 wako na hii Helicobacter pylori. Simamisha matatu ya watu 14 pale Donholm uwapime wote, kama kumi wako nayo, na wengi wao wanakula madondo na pilipili na hawajui tumbo inakaa upande gani. Kwa hivyo mistari miwili peke yake haijakuambia kinachokuchoma ni nini.

Msimamo wangu: kikadi cha damu kitolewe kwa makaunta, na antibaiotiki za pailori zisiuzwe bila cheti cha daktari (sheria ya cheti si iko tayari, ni vile tu hakuna anayeifuata). Na sababu si pesa ya dadangu. Watu humu hulia ati watafiti wanatufanya panya wa maabara. Lakini kila siku hapa Nairobi mtu anapewa dawa tatu kali bila kujua kama anazihitaji na hakuna anayeandika nani alipona, nani alirudi, nani alihara mpaka akaacha siku ya tano. Sisi tuko kwa majaribio tayari, tena majaribio bila daftari. Bora yule mtafiti, yeye angalau anaandika.

Mwenye Kemisti, Githurai:
Bosi heshima lakini inaonekana hujawahi kusimama upande huu wa kaunta. Mteja anakuja saa mbili usiku ametoka mjengo, ako na mia tatu, tumbo inamkata. Nimwambie aende hospitali apange laini kesho, akose kibarua, aandikiwe endoskopi, ule mpira wa kamera wa kuingizwa tumboni, ya bei ya kodi ya mwezi mzima? Atacheka tu aende kwa jirani yangu, na jirani hata hana leseni. Kile kipimo cha choo pia niko nacho, kinatafuta bakteria yenyewe, ni kizuri kuliko cha damu hiyo nakubali, lakini wewe jaribu kumwambia baba wa watu alete choo kwa chupa. Wanaitikia vizuri kabisa halafu humwoni tena, nimewahi kupoteza wateja watatu wiki moja kwa hiyo stori ya chupa.

Na usitufanye kama tunabuni. Kupima na kutibu bila kumwingiza mtu mpira ni kitu madaktari wakubwa wenyewe wanakubali, kama mtu hajafika miaka 60 na hana dalili mbaya. Japani bima ya serikali ilianza kulipia matibabu ya pailori 2013 hata kwa mtu hana kidonda, ana gastraitisi tu, yaani tumbo limevimba ndani. Kule China, Linqu, mkoa wa Shandong, waliingia vijiji 980, watu zaidi ya 180,000, wenye bakteria wakapewa dawa, na majibu yalipotoka 2024 saratani ya tumbo ilikuwa imepungua. Sasa mimi nikifanya hivyo hivyo Githurai inakuwa dhambi?

Wa Kayole:
Mkuu hiyo ya Linqu umenisaidia mimi. Walipima kwa pumzi, inayoonyesha bakteria iliyoko sasa, wewe unapima kwa damu. Walifuatilia watu zaidi ya miaka kumi, wewe unafuatilia mpaka mlangoni. Na pamoja na hayo yote walipata upungufu wa kama asilimia 14 hivi kwa waliopewa dozi kamili, si muujiza. Uko na namba ya simu hata ya mteja mmoja uliyemuuzia pakiti mwaka jana?

Mwenye Kemisti, Githurai:
Niko nazo za wenye deni 😂

Nesi wa Zamu ya Usiku:
Nimecheka hiyo ya deni lakini wacha niingilie. Nyote wawili mmeruka shida kubwa ambayo ni ile pakiti yenyewe. Zile nyingi mnazouza ni omeprazoli ama ndugu yake (ya kupunguza asidi), na antibaiotiki mbili, amoksilini na klarithromaisini. Hiyo klarithromaisini ndiyo ile inafanya mdomo uwe na ladha ya chuma wiki mbili, kama umewahi kumeza unajua. Bakteria imeizoea sehemu nyingi, mpaka Shirika la Afya Duniani 2017 likaweka pailori sugu kwa klarithromaisini kwenye orodha yake ya bakteria zinazohitaji dawa mpya. Madaktari wa Marekani walipoandika mwongozo wao wa 2024 walisema kama hujui usugu uko kiasi gani anza na nne: ya asidi, bismathi, tetrasaiklini na metronidazoli, siku 14. (Bismathi inafanya choo kiwe cheusi, mgonjwa asipoambiwa mapema anakimbia kasualti akidhani anavuja damu, nimewapokea kadhaa.)

Na zile dalili mbaya mwenye kemisti amezipita haraka sana, mimi sizipiti. Kuna mzee alikuja zamu yangu amekonda, suruali imefungwa na kamba. Mtoto wake akanitolea kwa mfuko wa karatasi pakiti nne tupu, kemisti tatu tofauti, ndani ya miezi minane. Nikamuuliza mzee tumbo inauma wapi, akaweka kidole hapa katikati ya kifua si tumboni, akasema ugali unakwama, siku hizi anakunywa uji tu. Ugali unakwama! Hiyo si pailori, hiyo ni umio, bomba la kushusha chakula, na ilikuwa saratani na ilikuwa imeshafika mbali. Mistari miwili alikuwa nayo ndio, na mimi naweza kuwa nayo, na wewe pia. Lakini hakuna kemisti hata mmoja kati ya watatu alimuuliza kama chakula kinashuka. Na hiyo saratani ni kati ya zile zinaua Wakenya wengi zaidi, waulizeni watu wa Bomet, pale hospitali ya Tenwek wameiona na kuiandika miaka mingi.

Kwa hivyo chakula kikikwama, ukitapika damu, choo kiwe cheusi kama lami, ama unakonda na hujui sababu, hiyo si ya kaunta. Hata kama uko na miaka 30.

Shemeji wa Bomet:
Nesi umegusa kwetu. Nyumbani chai inanywewa ikichemka, ukiipuliza unaulizwa kama wewe ni mtoto. Ile taasisi ya utafiti wa saratani ya WHO ilisema 2016 vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 kuna uwezekano vinaleta saratani ya umio, nikaenda na kipimajoto kwa mama mkwe wangu. Sirudii tena. Hata sitaki kusema ilisoma ngapi.

Mzee wa Kangemi:
Vijana hamjambo. Nimesoma yote na mwenye mada ameongea vizuri lakini hapo kwa daftari sikubali.

Mimi nilikuwa kwa utafiti wa vidonda vya tumbo, hospitali sitaitaja. Walitueleza vizuri, fomu kurasa kama nane, kuna ya Kiswahili, mhuri kila ukurasa. Siku yenyewe hujala tangu usiku, unapuliziwa dawa kooni mpaka ulimi unakuwa kama si wako, unalala ubavu wa kushoto, unawekwa kidude cha kung'ata mdomoni halafu mpira unaingia. Machozi yanatoka yenyewe, si kulia. Msichana mmoja alinishika bega wakati wote akiniambia guga (yaani babu) pumua na pua, guga pumua na pua, na huyo Mungu ambariki. Wakachukua vipande vitano vya tumbo langu, vidogo kama punje ya mtama, nilionyeshwa kwa chupa. Nikapewa nauli.

Wakasema tutakupigia. Ni miaka mitatu sasa. Hakuna aliyenipigia. Nilirudi mara mbili, wa kwanza akasema mradi umeisha, wa pili hata hakujua ni mradi gani. Vipande vyangu viko wapi sijui, vilisema nini sijui, na kiungulia bado ninacho. Sasa wewe unasema bora mtafiti kwa sababu anaandika. Ndio anaandika, lakini anamwandikia nani? Kuna kijana wa kemisti naye aliwahi kunikosea, lakini alinikosea akiniangalia machoni, na kesho yake nilimpata pale pale nikamgombeza.

Wa Kayole:
Mzee shikamoo. Hapo umenipiga na sina jibu la haraka. Wacha nifikirie.

Mwanafunzi wa Maabara:
Shikamoo guga. Kwanza pole. Pili, hukuomba msaada ulipoenda kuuliza, ulidai haki yako. Azimio la Helsinki ambalo madaktari wa dunia waliandika 1964, toleo lake la 2013 linasema wazi kwamba mshiriki apewe nafasi ya kuambiwa matokeo ya jumla ya utafiti. Na ile fomu, kama bado unayo nakala, ina namba ya mtafiti na pia namba ya kamati ya maadili iliyoupitisha. Hizo ni ofisi mbili tofauti. Usipige ya mtafiti, piga ya kamati, uwape namba ya utafiti iliyo kwa ule mhuri. Hao hawawezi kusema hawaujui mradi.

Na kwa wengine, kitu kimoja kwa nini utafiti wa hapa lazima ufanyike hata kama unaudhi: huwezi kuchukua majibu ya Shandong ukayaleta Mathare hivi hivi. Tangu 1992 wasomi wanakuna kichwa na hii kitu wakaiita fumbo la Afrika, kwamba bakteria imejaa huku lakini saratani ya tumbo haionekani kwa wingi vile ingetarajiwa. Wengine wanasema ni aina ya bakteria, wengine minyoo na chakula, wengine wanasema hakuna fumbo lolote, ni vile wagonjwa wetu hawafiki kwa endoskopi wahesabiwe. Mimi naegemea hao wa mwisho kidogo.

Dere wa Usiku:
Kwani si yule daktari wa Australia alikunywa hiyo bakteria kwa glasi akapata alsa akajitibu akapewa Nobel? Sasa mbona sisi tunazungushwa na makamati na mafomu

Mwanafunzi wa Maabara:
Barry Marshall, 1984. Hakupata kidonda, alipata gastraitisi: kutapika na mdomo kunuka. Na kabla ya kunywa aliingizwa mpira kwanza ionekane tumbo ni safi, na baada ya kunywa akaingizwa tena. Nobel ilikuja 2005, pamoja na Robin Warren. Unaona hata yule aliyejifanyia mwenyewe aliweka daftari.

Wa Kayole:
Nimerudi. Mzee wa Kangemi, nabadilisha maneno yangu. Nilisema bora mtafiti, nilikosea, ilikuwa rahisi kusema kwa sababu si mimi nilimeza mpira. Daftari isiyorudi kwa mwenye tumbo ni nusu daftari. Lakini kwa kikadi cha damu sijabadilika hata kidogo. Na wewe mwenye kemisti, mimi sitaki ufungiwe. Weka kile cha choo, mpe mteja chupa nyeusi isiyoonyesha ndani aende nayo nyumbani, na umuulize maswali matatu: umewahi kutibiwa, unakunywa diklofenaki ama dawa zingine za maumivu kila siku (nazo huchoma tumbo), na chakula kinashuka? Hayo hayahitaji mashine.

Mwenye Kemisti, Githurai:
Ile ya diklofenaki huwa nauliza kusema ukweli, nusu ya wanaolia alsa ni wale wanaomeza dawa za mgongo. Hiyo ya chupa nyeusi nitajaribu. Lakini cheti cha daktari kwa kila pakiti, hapana, hapo tutakutana kortini 😂

Mama Wawili, Pipeline:
Samahani naingilia. Mimi niko siku ya nne ya hizo dawa, nilipimwa na kidole. Sasa baada ya kusoma hapa niache?

Nesi wa Zamu ya Usiku:
Usiache mama. Umeshaanza, ukikatia njiani ndio unaifundisha bakteria. Maliza zote 14, usiruke jioni. Ukiona vipele ama uso kuvimba ama kuhara kupita kiasi hapo ndio unakuja hospitali mara moja. Ukishamaliza ngoja wiki nne, na wiki mbili za mwisho usiguse omeprazoli, halafu upime ya choo ama ya pumzi. Usirudi kwa ile ya kidole maana itakuambia uko nayo hata kama imeisha. Na niambie, chakula kinashuka vizuri?

Mama Wawili, Pipeline:
Kinashuka. Ni ule uchungu wa mdomo tu, kama nimelamba sufuria.

Nesi wa Zamu ya Usiku:
Hiyo ni klarithromaisini. Siku kumi zimebaki.