Tupeane uzoefu: triphala na dawa nyingine za Kihindi za tumbo na kitambi

Mama Kulwa: Wakuu, leo nasafisha kabati nimekutana na kopo la triphala nililonunua Kisutu mwaka juzi. Ile harufu tu, tumbo likakumbuka. Nilikuwa nakaa siku nne bila choo, na kitambi cha uzazi hakitoki. Muuzaji akaniambia ni matunda matatu, amla, haritaki na bibhitaki, kijiko cha chai kwa maji vuguvugu ukienda kulala. Choo kilifunguka. Kitambi ninacho hadi leo. Nani mwingine kapita huku?

Chumbageni: Ule ukakasi ulimini hadi asubuhi! Nipo, dada.

Fundi Friji: Msinicheke. Mimi niliuziwa unga wa kupunguza mwili, mfuko wa nailoni, hauna hata lebo. Usiku nikala kijiko. Saa sita kimya. Nikasema huu feki, nikaongeza kingine. Asubuhi nipo daladala ya Mbagala kwenda Kariakoo, nimesimama, foleni haisogei, tumbo likaanza kujikamua kama nguo ya kufua. Jasho la baridi. Namwambia konda nishushe, anasema kituo bado. Nikamnong'oneza sikioni. Akanitazama usoni, akapiga bodi kwa nguvu: "Dereva simama, kuna mgonjwa!" Nafika choo cha kulipia, mia tatu, mimi nina noti ya elfu kumi, mama hana chenji. Nikamwachia yote.

Kesho yake mzani ukasema kilo mbili zimeondoka. Nikatamba ofisi nzima. Jumapili nikala pilau, zikarudi.

Kigoda: 😂😂 elfu kumi!

Nesi Mstaafu: Mwanangu, hiyo ilikuwa na sanamaki, yale majani ya kuharisha. Huchukua saa 6 hadi 12, ndiyo maana usiku uliona kimya. Kilichotoka ni maji, mafuta yako yote yapo. Ukiizoea kwa majuma, potasiamu inashuka na moyo unayumba.

Mzee wa Habasoda: Sanamaki ni dawa ya Waarabu, jina lenyewe lina Maka ndani. Wahindi msiwape.

Kigoda: Mzee, inalimwa Tirunelveli, kusini mwa India, mashamba kwa mashamba.

Mzee wa Habasoda: Na karafuu zinalimwa Pemba. Asili yake Pemba?

Mama Kulwa: Jamani, mimi niliuliza tumbo.

Chumbageni: Hamia isabgol, yale maganda meupe ya mbegu, ya kulainisha choo. Kijiko kimoja, glasi nzima ya maji, unywe upesi kabla haijawa uji. Mume wangu alijifanya mjuaji akailamba kavu, ikavimba kooni, nikampiga mgongo hadi mkono ukaniuma.

Kobe: Yote hayo ya nini? Mbegu za ajwani, kile kiungo, na chumvi, tafuna, gesi kwisha. Kitambi acha chipsi mayai.

Fundi Friji: Chipsi mayai usiitaje vibaya, mkuu.

Nesi Mstaafu: Na vya mfuko usio na lebo muviogope. Utafiti uliotoka Marekani 2008 ulipima dawa 193 za ayurveda, yaani tiba ya asili ya Kihindi, zilizouzwa mtandaoni, karibu moja kati ya tano ilikutwa na madini ya sumu: risasi, zebaki au aseniki. Mwenye mimba asiguse kabisa.

Mzee wa Habasoda: Nami nakunywa sanamaki kila Ijumaa, miaka ishirini.

Nesi Mstaafu: Shikamoo mzee. Potasiamu umepima lini?

Kobe: Chumbageni, hiyo isabgol Tanga unapata wapi?