Re: Kadi ya ukaazi wa Austria (RWR-Plus) imekwisha muda, Bratislava Jumamosi

[Favoriten]
Habari za jioni wanajumuiya. RWR-Plus yangu imekwisha muda. Maombi nilipeleka mapema, nimepewa karatasi ya mapokezi tu. Ofisini simu inaita mpaka inakatika, barua pepe hawajibu. Wageni wangu kutoka Unguja wanataka Bratislava, Slovakia, Jumamosi, asubuhi kwenda jioni kurudi. Naweza kuvuka nao?

[Graz]
Kaka, omba Notvignette, ile stika ya dharura ya kurudia Austria. Mimi nilibandikiwa kwenye pasipoti nilipofiwa na baba, nikaenda Tanga nikarudi salama. Mwisho wake miezi 3.

[Donaustadt]
Dada, soma swali. Notvignette inakurudisha Austria. Yeye anauliza kuingia Slovakia. Tena wanataka sababu nzito, si matembezi. Na asije mtu akasema Schengen haina ukaguzi mipakani: polisi wamewahi kupita behewa letu wakidai pasipoti.

[Linz]
Wageni wasikose. Ni kama saa moja tu kwa treni kutoka Hauptbahnhof ya Vienna, na tiketi ya kwenda na kurudi inakupandisha mpaka tramu za kule. Wengi huishia mji wa kale kupiga picha. Vukeni Danube kwa daraja la Most SNP la mwaka 1972, ambalo ili lipite ulibomolewa mtaa wa Wayahudi pamoja na sinagogi. Ng'ambo ya pili ni Petržalka, majumba ya zege mpaka macho yachoke. Nilisimama chini ya moja, shuka zimeanikwa roshani ya ghorofa ya nne, nikaiona Michenzani ya Unguja.

[Donaustadt]
Michenzani walisaidia kujenga Wajerumani Mashariki, si Wachekoslovakia.

[Linz]
Shikamoo mzee. Najua, nimezaliwa humo. Nasema yanafanana. Ila wenzetu wa Petržalka, tangu ukomunisti uanguke 1989, wameyapaka rangi, wameyavalisha kuta za kuzuia baridi, lifti zinapanda. Bibi yangu alipanda ngazi na ndoo ya maji.

[Salzburg]
Na kabla ya Michenzani palikuwa na nyumba za watu pale mtaa wa Ng'ambo, zikavunjwa. Bibi yangu mimi alihamishwa. Mpaka anafariki alikuwa akiwataja majirani zake mlango kwa mlango.

[Linz]
Pole sana dada. Lakini wanaokaa mle leo nao wanapandishaje maji? Ndilo ninalowauliza viongozi wetu kila wanapokuja Vienna kutukusanya ukumbini na kutuhimiza tukawekeze nyumbani. Sijajibiwa.