Laini maalumu ya intaneti kwa ofisi ya forodha: kwa nini Mbps 20 ziwe ghali kuliko Mbps 100?

Meza_ya_Kurasini

Habari za kazi, ndugu wanajukwaa. Ninasimamia uendeshaji katika kampuni ya uwakala wa forodha yenye ofisi kuu Kurasini, Dar es Salaam, na tawi dogo Tunduma. Ofisi kuu ina watumishi wapatao arobaini. Sehemu kubwa ya kazi yetu hufanyika ndani ya TANCIS, mfumo wa forodha wa TRA, pamoja na mifumo mingine ya vibali. Hesabu tumezihamishia kwenye programu ambayo seva zake ziko Ulaya, na hati za shehena, ankara na vyeti vya asili huskaniwa na kupandishwa hukohuko. Simu za mezani nazo hupita kwenye intaneti.

Kwa sasa tunatumia kifurushi cha faiba cha Mbps (megabiti kwa sekunde) 100, cha aina inayouzwa kwa ofisi ndogo na majumbani. Asubuhi na mapema hakina tatizo. Kuanzia saa nne hadi saa nane mchana, faili la kurasa thelathini hupanda kwa kusuasua, simu hukatika katikati ya sentensi, na mteja wetu wa Lubumbashi hudhani tumemkatia makusudi.

Tumepokea nukuu mbili za bei. Kampuni ya kwanza italeta laini maalumu ya Mbps 20 kwa faiba, kwa mkataba wa miaka mitatu, bila gharama ya kufunga. Ya pili italeta Mbps 20 kwa redio kutoka mnarani, kwa mkataba wa mwaka mmoja, lakini vifaa tunavilipia mwanzoni. Malipo ya mwezi ya zote mbili ni mara kadhaa ya tunayolipa leo. Mkurugenzi ameniuliza swali ambalo sijaweza kulijibu vizuri: kwa nini tulipe zaidi ili tupate moja ya tano ya spidi tuliyo nayo? Ningeshukuru kupata maoni ya wenye uzoefu, hasa kuhusu mkataba.

Fundi_Swichi

Mwambie mkurugenzi kwamba Mbps 100 za kifurushi ni kikomo cha juu. Hakuna aliyewahakikishia kwamba mtazipata. Mtoa huduma huchukua uwezo fulani wa faiba na kuwauzia wateja wengi, akitarajia kwamba hawatautumia wote kwa wakati mmoja. Mitaa ya makazi huwa mitulivu mchana kwa sababu watu wako kazini, ila kwenye mtaa wa maofisi kama wenu kila mtu hufungua kompyuta saa ileile. Laini maalumu hutengwa kwa ajili yenu peke yenu hadi kwenye mtandao wa mtoa huduma, na kasi ya kupandisha huwa sawa na ya kushusha. Hilo la pili ndilo linalowahusu zaidi, kwani vifurushi vingi hutangazwa kwa kasi ya kushusha huku ya kupandisha ikiwa ndogo, na nyinyi kazi yenu kubwa ni kupandisha.

Kuhusu ukubwa, fanyeni hesabu badala ya kukisia. Simu moja ya intaneti yenye sauti isiyobanwa hutumia takriban kilobiti 90 kwa sekunde kila upande, kwa hiyo simu kumi za wakati mmoja hazifikishi hata Mbps 1. Mbps 20 ni sawa na megabaiti 2.5 kwa sekunde, maana yake gigabaiti 10 za nyaraka zitapanda kwa saa moja na dakika chache endapo hakuna kingine kinachopita. Kwa ofisi ya karatasi za forodha hizo zinatosha, mradi simu za mkononi za watumishi arobaini zisiruhusiwe kupakua masasisho na video kupitia laini hiyo hiyo.

Kabla ya kusaini, chunguzeni kwanza ndani ya ofisi. Saa tano asubuhi, wakati mambo yameharibika, chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, kisha tuma pingi (ujumbe mfupi wa kupima muda wa kwenda na kurudi) mfululizo kwenye kifaa cha kwanza cha mtoa huduma. Kompyuta nyingine itume pingi kwenye ruta yenu kupitia Wi-Fi. Ikiwa ile ya Wi-Fi inaruka kutoka milisekunde 3 hadi 300 wakati ya waya imetulia, tatizo liko kwenye vifaa vya Wi-Fi vya darini kwenu na hakuna laini ya bei yoyote itakayoliondoa. Angalieni pia grafu ya kupandisha kwa vipindi vya dakika tano, kwani wastani wa siku huficha kila kitu. Na muulize kamera za ulinzi zinatuma picha zake wapi.

Duka_la_Vipuri

Mimi naona mnapotezewa fedha. Chukueni kifurushi cha pili kutoka kampuni nyingine, mfunge ruta yenye uwezo wa kugawa mzigo kwenye laini mbili, mtalipa kidogo na mtakuwa na akiba. Ofisi yangu huendeshwa hivyo na hatulalamiki.

Mikataba_na_Ankara

Pendekezo la ndugu Duka_la_Vipuri linafaa kwa biashara inayoweza kusubiri hadi kesho. Wakala ambaye kontena la mteja wake linahesabiwa gharama za kukaa bandarini kila siku anahitaji mtu wa kuwajibika laini ikikatika, na hicho ndicho kinachoongeza bei ya laini maalumu. Kwa sababu hiyo, someni sehemu ya viwango vya huduma kwa makini kuliko sehemu ya bei.

Mtakuta asilimia ya upatikanaji. Asilimia 99.5 inapendeza masikioni, lakini kwa mwezi wa siku 30 inaruhusu laini ikatike saa 3 na dakika 36 bila mtoa huduma kuvunja ahadi yoyote, asilimia 99.9 inaruhusu dakika 43. La kuangaliwa zaidi ni kipindi cha kupimia. Asilimia 99.5 ikihesabiwa kwa mwaka inaruhusu takriban saa 44, na hakuna kinachozuia saa hizo zote ziangukie wiki moja, tena wiki ambayo meli zenu zimefika.

Tofautisheni muda wa kuitikia na muda wa kurekebisha. Nimewahi kupitia mkataba ulioahidi kwa herufi nene kwamba hitilafu "itashughulikiwa ndani ya saa mbili", na kumbe kwa tafsiri yao kushughulikiwa ni kupokea simu na kutoa namba ya tatizo. Dai saa za kurejesha huduma, lini saa hizo huanza kuhesabiwa, na kama Jumapili na sikukuu zimo. Fidia nayo isisubiri nyinyi muiombe kwa barua. Ipunguzwe kwenye ankara ya mwezi unaofuata. Mkataba wa miaka mitatu usiokuwa na haki ya kuuvunja baada ya kukatika mara kwa mara, mathalani miezi mitatu mfululizo chini ya kiwango, mimi nisingeusaini hata kama kufunga ni bure, kwa sababu gharama hiyo ya kufunga mnailipa ndani ya miezi 36.

Ulizeni pia kama bei ina VAT ya asilimia 18 na ushuru mwingine, ruta ni ya nani mkataba ukiisha, na itakuwaje mkihama jengo. Kama nukuu imeandikwa kwa dola, irudisheni. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza bei za bidhaa na huduma za ndani ya nchi kutajwa kwa fedha za kigeni.

Nguzo_na_Mtaro

Kuna jambo ambalo mkataba hauwezi kulitibu, nalo ni njia ambayo waya unapita. Kampuni mbili zenye nembo tofauti zinaweza kuwa zimekodi nyuzi ndani ya kebo moja, kwenye nguzo zilezile au mtaro uleule, na greda la ujenzi wa barabara likipita zinazimika pamoja. Ombeni mchoro wa njia kutoka jengo lenu hadi kituo chao, na muulize kama kipande cha mwisho ni mali yao au wamekikodi, kwa sababu aliyekodi naye atamsubiri fundi wa mwingine.

Muulize vilevile kuhusu nyaya za chini ya bahari zinazotuunganisha na nje. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja upande wa Msumbiji na Afrika Kusini, wakati Februari ya mwaka huohuo nyaya kadhaa za Bahari ya Shamu, ikiwemo ya SEACOM, zilikuwa zimeshaharibika. Intaneti ikazorota nchini, na meli ya matengenezo ikatoka Cape Town. Wenye laini maalumu waliumia sawa na wenye vifurushi pale ambapo mtoa huduma wao hakuwa na njia nyingine ya kutokea. Jibu la "tuna njia mbadala" lisiwatoshe. Wataje majina ya nyaya na uwezo waliokwisha kuulipia katika kila mmoja.

Mawasiliano ya ndani hayana haja ya kuvuka bahari. Mtoa huduma aliyeunganishwa na TIX, kituo cha kubadilishana trafiki kilichopo Dar es Salaam, anaweza kuwafikisha kwenye seva nyingine za hapa nchini hata nyaya za baharini zikikatika. Lakini ruta yenu ikiwa imewekewa DNS (huduma ya kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba) ya nje peke yake, hata seva iliyo mtaa wa pili haitaonekana, kwa sababu jina lake halitafsiriki. Wekeni DNS ya mtoa huduma pia.

Redio msiidharau. Haina uhusiano na mitaro, hivyo ni akiba nzuri ya faiba. Ulizeni tu kama masafa yake yana leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwani redio za masafa huria ya 5 GHz hugombana na kila paa la jirani, na zile za masafa ya juu zaidi hudhoofika mvua za masika zikishuka kwa nguvu.

Meza_ya_Kurasini

Nawashukuru sana. Tumepima kama alivyoelekeza Fundi_Swichi. Ndani ya ofisi pingi imetulia; kwenye kifaa cha mtoa huduma, saa tano asubuhi, inapanda na pakiti (vipande vya data) nyingine zinapotea, na grafu ya kupandisha imegota juu. Je, itakuwa vibaya tukichukua laini maalumu ya Mbps 10 tu, kisha tubaki na kifurushi cha zamani? Na Tunduma tufanyeje?

Fundi_Swichi

Si vibaya hata kidogo, ndivyo ambavyo ningefanya. Laini maalumu ibebe simu, TANCIS, hesabu na upandishaji wa nyaraka; kifurushi kibebe Wi-Fi ya wageni, simu za mkononi na masasisho. Mkataba useme kwamba mnaweza kuongeza hadi Mbps 20 kwa bei iliyoandikwa leo. Tunduma iko kwenye njia ya Mkongo wa Taifa wa faiba kuelekea Zambia, kwa hiyo omba bei huko pia, ila kwa tawi dogo ningeanza na kifurushi pamoja na laini ya simu ya akiba.

Ruta ipangwe ihamie kwenye kifurushi yenyewe laini maalumu ikifa, na kigezo kiwe pingi ya mbali, kwa sababu taa ya faiba inaweza kuwaka huku intaneti haipo. Jaribuni kwa kuchomoa waya mchana wa kazi. Mkihama laini, anwani yenu ya IP inabadilika. Kama benki au mteja anaruhusu anwani moja tu, mpeni zote mbili mapema, na muulize mtoa huduma wa kifurushi kama anaweza kuwapa anwani ya kudumu.