Tupeane uzoefu: riwaya gani ya kisayansi ilikufanya uufikirie uhuru upya? (Wana Tanga karibuni)

Kamba_ya_Mkonge

Wakuu, salaam. Nimebishana na shemeji yangu hapa Ngamiani, yeye anashikilia kwamba riwaya za kisayansi ni maroketi na roboti tu, mambo ya watoto. Nikamwambia humo ndimo watu wanamouliza waziwazi: serikali iishie wapi, na mtu aachwe na nini kiwe chake? Wapo waandishi wanaoamini mtu aachwe na maisha yake na mali yake madamu hamdhuru mwenzake. Wapo wanaowajibu kwamba mwenye njaa hana uhuru wowote. Sitaki muhtasari wa kitabu. Nataka kujua ulikisoma wapi na kilikugusa wapi.

Naanza mwenyewe. Mlango wangu ulikuwa Kusadikika ya Shaaban Robert, mtoto wa Machui hapahapa, iliyotoka 1951. Shuleni tulikaririshwa wahusika na dhamira, tukajibu mtihani, tukafunga daftari. Hakuna aliyetusimamisha tushangae kwamba nchi ile inaning'inia angani, kwamba mjumbe mmoja anatumwa mbinguni na mwingine ardhini, na kila anayerudi na habari za maendeleo anatupwa gerezani. Karama, mhusika mkuu, anashitakiwa kwa kutaka watu wajifunze sheria. Mahakama ipo, mfalme yupo, utaratibu upo, na mtu anakaribia kufa kwa kosa hilo.

Baadaye nikapata ya Robert Heinlein, The Moon Is a Harsh Mistress, ya 1966, jalada limechanika. Mwezi umekuwa koloni la wafungwa. Wanalima ngano ndani ya mahandaki, inarushwa Duniani kwa manati ya umeme, na bei anapanga mnunuzi mmoja tu, Mamlaka. Watoto wa wafungwa kisheria ni huru, ila miili imezoea mvuto mdogo wa Mwezi, kwa hiyo kuishi Duniani hawawezi tena. Babu yangu aliletwa kutoka Kigoma kama manamba kukata mkonge. Kipande, yaani kadi yake ya kazi, kinatiwa alama, na siku ambayo hukumaliza kazi uliyopimiwa haihesabiki. Mkataba uliisha, hakurudi kwao, akazikwa huku Muheza. Kwa nini wale wa Mwezini waliasi sikuhitaji kuelezwa.

Karibuni.

Fundi_Chuda

Nimo, mkuu. Mimi kitabu hicho cha Heinlein nilikipenda kwa sababu mhusika ni fundi. Manuel mkono mmoja ni wa nyama, wa pili wa bandia, na anabadilisha mikono kulingana na kazi kama mimi na bisibisi zangu. Anaitwa kuangalia kompyuta ya Mamlaka kwa sababu imemwandikia mfagizi hundi ya matrilioni. Wakubwa wanadhani ni hitilafu. Manuel anaikalia, anaisemesha, anagundua ilikuwa inatania! Mashine ina akili na wenye mashine hawana habari, anayejua ni fundi peke yake.

Mimi natengeneza simu. Nililipa leseni, nikalipa ushuru, kibanda kikavunjwa asubuhi moja na watu ambao hawakunionyesha hata karatasi. Nikauliza nani kaamuru, nikajibiwa "agizo limetoka juu". Tangu hapo mtu akiniambia serikali ni mzazi wetu, namtazama tu. Yule profesa wa kwenye kitabu, de la Paz, msimamo wake ni kwamba serikali haibebi dhambi ya mtu. Kila tendo lina mtu aliyelitenda, naye ndiye wa kulijibu. Basi na mimi namtafuta huyo mtu, huyo "juu" mwenye jina na miguu.

Mwl_Makorora

Mnavyomsifia Heinlein kaka zangu, mtadhani Mwezini hakuna watoto wa kunyonyesha. Nawaletea Ursula Le Guin, The Dispossessed, 1974. Kuna sayari mbili jirani, Urras na Anarres. Anarres ni kame, watu wake walihama kwa hiari kwenda kujenga jamii isiyo na serikali, isiyo na polisi, isiyo na mali ya mtu. Sasa ngoja niwaambie kilichonikaa.

Shevek ni mwanafizikia, ana mwenzake Takver na mtoto mchanga. Ukame unaingia, ofisi inayogawa kazi kwa kompyuta inampangia huyu huku na yule kule, na wanatengana miaka minne. Tena hakuna aliyewalazimisha! Kila mtu ana haki ya kukataa kituo alichopangiwa. Hawakatai kwa sababu watu wanakufa njaa, na kwa sababu majirani watasema.

Mimi nilipangiwa Kilindi, mume wangu yuko mjini, mtoto bado yuko mgongoni. Niliandika barua za uhamisho mpaka nikazikariri. Nilipomlalamikia mama mkwe akaniambia, "Mwanangu, wenzio wanavumilia." Afisa elimu angekuwa ndiye tatizo langu peke yake ningegombana naye nikamaliza. Hilo la "wenzio wanavumilia" unagombana nalo vipi? Kwenye kitabu yumo rafiki yao Tirin, aliyetunga mchezo wa kuigiza wa kejeli. Hakuna sheria aliyovunja, ila alisemwa na kusimangwa mpaka akaishia hospitali ya wagonjwa wa akili. Jamii isiyo na gereza, na mtu kafungwa.

Kwa hiyo Fundi, mtafute huyo wa juu, mwanangu. Ila chungulia na pembeni.

Fundi_Chuda

Mwalimu umenipiga. Shikamoo.

Baiskeli_ya_Duga

Nyie wote mmeenda kwenye vitabu vinene. Mimi nina hadithi moja ya Eric Frank Russell, Mwingereza, ya 1951, And Then There Were None. Meli kubwa inatua kwenye sayari, ndani yumo balozi, askari, na urasimu wote. Wenyeji wanaitwa Gands, kwa kumkumbuka Gandhi. Balozi anatuma watu wamletee kiongozi, kiongozi hayupo. Wanaamrisha, wanajibiwa "Sitaki", na mwenyeji anaendelea na shughuli zake. Hakuna anayerusha jiwe. Anayefanikiwa kuongea nao ni mhandisi mmoja, Harrison, aliyekuja na baiskeli yake chomboni! Mtu wa Tanga huyo, hata kama hajui.

Pesa hawatumii. Wanatumia wajibu: nikikulisha leo una deni kwangu, utalilipa kwa kazi au kwa kumfanyia mtu ninayedaiwa naye. Wanasimuliana habari za Jack mvivu, mtu aliyekula kila mahali bila kurudisha, mpaka hakuna mji uliompa hata tonge.

Baba alikuwa na duka Duga, na daftari la madeni chini ya droo. Hakuwahi kwenda mahakamani wala serikali ya mtaa. Fundi seremala alilipa kwa kutengeneza mlango, muuza samaki alilipa kwa changu. Mmoja alikula duka letu, akahamia la jirani, akahamia la tatu, kisha akawa anatembea mpaka Mabokweni kununua sukari robo kwa pesa taslimu. Nilipoisoma hiyo ya Jack nilicheka peke yangu.

Mwl_Makorora

Na mjane aliyeumwa mwaka mzima akashindwa kulipa, baba yako alimwandika vipi?

Baiskeli_ya_Duga

Alimfuta, mwalimu. Lakini nakubali, alimfuta kwa kuwa ni baba. Duka la pili halikumfuta.

Nahodha_Mstaafu

Anayeandika ni mjukuu, mimi nasema yeye anachapa. Amenisomea maneno yenu.

Mpaka wa Kenya ulifungwa 1977, ukaja kufunguliwa 1983. Katikati hapo sabuni ilikuwa dhahabu, na sisi wa majahazi tulikuwa na usiku wetu. Sikusoma kitabu chochote cha uhuru. Nilikuwa na karafuu upande huu na mteja upande ule, na bei tulikubaliana wawili. Mjukuu anasema huko Mwezini watu wanalipia hata hewa wanayovuta, na usemi wao ni kwamba hakuna mlo wa bure. Basi na sisi tulikuwa hivyo. Chombo cha mwenzangu kilizama na mali yote. Bima? Ungemwendea nani ukamwambie magendo yangu yamezama?

Ulipokuja msako wa wahujumu uchumi, 1983, watu walitupa mali baharini kwa mikono yao wenyewe. Mimi nilitupa redio na vitenge vya mke wangu, na hajanisamehe. Vijana mnaosifu kuishi bila serikali, nawaambia tuliishi nusu hivyo. Ulikuwa uhuru mtamu, na ulikuwa na woga mwingi ndani yake.

Na huyo Shaaban Robert mnayemsifu alikuwa karani wa forodha miaka mingi. Angenikamata!

Kamba_ya_Mkonge

Hahaha, mzee wetu, tunakupa shikamoo. Angekukamata kwa shairi kwanza.

Hafidhi_wa_Pongwe

Nachangia kidogo. Fahrenheit 451 ya Ray Bradbury, 1953. Zimamoto wanachoma vitabu, na mwishoni mmoja wao, Montag, anakuta watu porini, kila mmoja kahifadhi kitabu kichwani. Rafiki yangu wa chuo aliona huo ni ubunifu wa ajabu. Mimi nimehifadhi msahafu madrasa nikiwa mdogo, kwa hiyo kwangu ajabu ilikuwa nyingine: wale watu walichagua wenyewe cha kuhifadhi. Mimi nilichaguliwa. Sijuti hata chembe, ila swali hilo halijaniacha.

Mzamiaji_77

Ndoto za Wazungu walioshiba hizi. Sisi tunataka umeme usikatike, nyie mnajadili Mwezi.

Kamba_ya_Mkonge

Mkuu, Katama Mkangi alikuwa Mzungu? Mkenya wa pwani, aliwekwa kizuizini enzi za Moi, kisha 1995 akatoa Walenisi, ambamo mtu aliyehukumiwa kifo anafungiwa ndani ya chombo cha anga, na anaibukia kwenye jamii ya watu walio sawa. Hayo yalimkuta nyumbani.

Na kingine nilichokipenda: huko Marekani kuna Tuzo ya Prometheus, ya watu wa mrengo wa serikali ndogo. Orodha yao ya heshima walimwingiza Heinlein 1983, na 1993 wakamwingiza Le Guin, ambaye kwenye kitabu chake mali ya mtu binafsi haipo kabisa. Wangeweza kumtupa nje. Walimsoma.

Fundi_Chuda

Niwaongezee mwisho wa Manuel, asiyetaka kujua aruke hapa. Wanashinda vita, profesa anafariki, na bunge jipya la Mwezini linaanza palepale kupitisha sheria na kutaka kodi. Manuel anaanza kuwaza kuhamia kwenye asteroidi, huko bado hakuna msongamano.

Mwl_Makorora

Na kule akifika, wa pili akija, watagombania kisima.

Nahodha_Mstaafu

Mjukuu chapa hili kabla sijaenda msikitini. Huyo Manuel akihama atahitaji chombo. Mwambieni nauli naitaja kabla ya kupakia.